UZI: Maji ya madini yenye gesi kwa bei ya punguzo mtandaoni – hesabu, tarehe na mitego yake

Kikapu_Tupu (Dar es Salaam)
Wakuu, salaam. Nahitaji kama lita 30 kwa mwezi za maji ya madini yenye gesi, ya chupa. Mtandaoni ofa haziishi: "punguzo 20%", "nunua 2 upate 1", "mzigo wa mwisho". Nyingi ni San Pellegrino na Perrier, mara mojamoja Gerolsteiner, na Keringet kwa wanaoleta kutoka Kenya. Nijuzeni: ofa ipi ni ofa kweli? Nichukue kioo, plastiki au kopo? Na mzigo ukifika nikague nini kabla dereva hajaondoka?

Hesabu_Tu
Bei kwa lita, ikiwa imeshafika mlangoni. Hayo mengine baadaye.

Msasani_Stoo
Mkuu hapo juu kamaliza, mimi niifungue tu.

Idadi ya chupa kwenye katoni ndiyo inayowapiga watu. Katoni ya chupa 24 za ml 250 ni lita 6. Chupa 24 za ml 330 ni lita 7.92. Chupa 12 za ml 750 ni lita 9. Chupa 6 za lita 1.5 ni lita 9 vilevile, ingawa kwenye picha zinaonekana kamzigo kadogo. Sasa tufanye hesabu ya mfano (bei ni za kufundishia, usizipeleke dukani): katoni A ni chupa 24 za ml 250, imeandikwa 60,000, imekatwa 20%, unalipa 48,000. Katoni B ni chupa 12 za ml 750 kwa 63,000, haina punguzo lolote. A ni 8,000 kwa lita, B ni 7,000. Ofa yenyewe ndiyo ghali.

Ongeza usafiri. A wanakuletea kwa 6,000, B kwa 9,000 kwa sababu ni nzito. A inakuwa 54,000 gawa kwa 6, yaani 9,000 kwa lita. B ni 72,000 gawa kwa 9, yaani 8,000. Bado B inashinda, tena bila bango jekundu.

Uzito nao usiupuuze. Chupa tupu ya kioo ya ml 750 ina zaidi ya gramu 400, kwa hiyo katoni ya 12 inakaribia kilo 14 au 15. Katoni ya makopo 24 ya ml 330 haifiki kilo 9. Duka linalotoza kwa kilo litakulipisha kioo, na linalotoza kwa safari halijali. Ndiyo maana kwa lita 30 kwa mwezi usiagize katoni moja kila wiki. Agiza tatu za ml 750 kwa mkupuo, lita 27, ulipe safari moja. Na bodaboda hafai kwa katoni tatu za kioo, chagua bajaji au kirikuu hata kama programu inakupendekezea boda kwa bei nafuu.

Sababu halisi za punguzo kwenye maji haya ni chache. Kwanza tarehe inakaribia. Pili ni chupa za plastiki zilizokaa ghalani. Tatu katoni zimechanika au lebo zimelowa, na hiyo ndiyo ofa tamu kuliko zote, maana maji yenyewe hayana kosa. Nne duka limeleta mzigo mwingi kuliko linavyouza. Muulize muuzaji moja kwa moja: "Punguzo ni la nini?" Akikujibu kwa mafumbo, jua ni ya kwanza au ya pili.

Wa_Eastlands (Nairobi)
Naongezea kuhusu tarehe, kwa sababu picha ya tangazo ni ya mtengenezaji, si ya mzigo ulioko stoo. Omba picha ya tarehe iliyochapwa kwenye chupa yenyewe, shingoni, kwenye lebo ama chini ya kopo. Picha ya katoni haitoshi, katoni hubadilishwa. Na usome vizuri: mzigo wa Ulaya huandika siku, mwezi, mwaka. Mzigo uliopitia Marekani unaweza kuandika mwezi kwanza. 03/04 inaweza kuwa tarehe 3 Aprili ama tarehe 4 Machi, na 10/02 ni tofauti ya miezi minane. Kama mwaka uko karibu, uliza.

Kikapu_Tupu
Asante. Lakini maji yanaharibikaje? Si maji tu? Nikipata ya kioo yamebakiza miezi miwili kwa nusu bei, tatizo liko wapi?

Lebo_Kwanza
Kwa kioo, kaka, hakuna tatizo la maana. Chukua. Kioo hakipitishi gesi, kinachoweza kuvuja ni kizibo tu. Ndiyo maana kioo hupewa muda mrefu, mara nyingi miaka miwili, na plastiki hupewa mfupi zaidi.

Plastiki ya chupa inapitisha kaboni dioksaidi polepole, kupitia ukuta wa chupa na kifuniko. Chupa ikiwa ndogo, ukuta unakuwa mwingi kulinganisha na maji yaliyomo, kwa hiyo ml 500 inaishiwa gesi haraka kuliko lita 1.5 iliyokaa nayo rafu moja. Joto linaongeza kasi. Ghala lenye bati la Dar mchana wa Februari na sebule yenye kivuli havitoi maji yaleyale, hata kama tarehe kwenye chupa ni moja.

Kingine ambacho watu hawakioni: tarehe imepangwa kwa kudhani mzigo umehifadhiwa pakavu, penye kivuli na pasipo joto kali. Kontena lililokaa bandarini juani limeshakula sehemu ya muda huo. Kwa plastiki iliyoagizwa kutoka Ulaya, nashauri ibakize angalau nusu ya maisha yake. Kwa kioo na kopo hata mwezi mmoja unatosha, mradi utaimaliza.

Na plastiki iliyopigwa joto ina kasoro nyingine, ladha. Hutoa harufu tamutamu kama ya tunda lililoiva sana, inatokana na kemikali iitwayo asetaldehaidi inayotoka kwenye plastiki yenyewe. Haihitaji pua ya mtaalamu. Plastiki pia inanyonya harufu za jirani: maji yaliyopangwa karibu na sabuni ya unga au mafuta ya taa yatakuambia yalikolala.

Wa_Eastlands
Dada, plastiki unaihukumu vikali. Kama nanunua Keringet ya hapa Kenya, imetoka kiwandani juzi, na itaisha ndani ya wiki tatu, nilipe kioo kwa nini? Kwa mzigo wa nyumbani plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na dilivari ni rahisi.

Lebo_Kwanza
Hapo sina ubishi. Plastiki mpya, ya kiwanda cha karibu, inayoisha haraka, ni sawa kabisa. Ubishi wangu ni plastiki ndogo iliyovuka bahari halafu ikawekwa kwenye "mzigo wa mwisho".

Hesabu_Tu
Makopo hamyataji. Gesi haipiti kwenye aluminiamu, ni mepesi, hayavunjiki. Ubaya wake ni kopo lililobonyea kwenye mshono wa juu au chini, hilo lirudishe. Likibonyea ubavuni tu, kunywa.

Msasani_Stoo
Sahihi. Ila kopo ukilifungua umelifungua, hakuna kufunga. Kwa anayekunywa glasi moja mchana na moja usiku, ml 750 yenye kifuniko cha kuzungusha ni bora. Na angalia kifuniko kabla ya kuagiza: chupa nyingi za kioo za ml 750 za mikahawani zina kizibo cha kufungua kwa opena, hazifungiki tena bila kununua kizibo cha kubana.

Mwana_wa_Muttrah (Muscat)
Salaam aleikum. Kwa walioko Oman na Emirati kuna jambo moja lililobadilisha bei kabisa: kodi. Emirati waliweka ushuru wa 50% kwenye vinywaji vyenye gesi Oktoba 2017, Oman wakafuata Juni 2019. Lakini maji yenye gesi yasiyo na ladha hayakuingizwa humo. Kwa hiyo chupa ya maji ya kawaida yenye gesi, na kopo la kampuni hiyohiyo lenye ladha ya limao, yaliwekwa makundi mawili ya kodi, japo hilo la limao halikutiwa sukari. Ukiona kwenye programu "pakiti mchanganyiko" yenye ladha tatu kwa punguzo, linganisha na ya kawaida bila punguzo. Ni mara chache ya ladha itashinda. Kata limao lako mwenyewe.

Huku usafiri wa maduka makubwa mara nyingi ni bure ukivuka kiwango fulani cha kikapu, na maji ni njia mbaya ya kufikia kiwango hicho kama huyahitaji. Yaweke kwenye oda ya mchele na mafuta ya mwezi.

Kaka_Ruhr (Ujerumani)
Nilete ya huku, maana Wabongo na Wakenya wapya Ujerumani hupotezwa na kitu kimoja: amana ya chupa, Pfand. Bei inayoonyeshwa haina Pfand ndani yake, inaandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25. Chupa ya maji ya kurudishwa kiwandani, kioo au plastiki nene, ni senti 15. Kreti tupu ni yuro 1.50. Kwa hiyo kreti ya kawaida ya chupa 12 za kioo za lita 0.7 ina amana ya yuro 3.30 (12 mara 0.15, jumlisha 1.50), na ndani mna lita 8.4. Pakiti ya plastiki sita za lita 1.5 ina amana ya yuro 1.50.

Hiyo pesa si gharama kama unarudisha. Ukiagiza mtandaoni, swali la kwanza liwe: anayeleta anachukua tupu? Huduma zinazoleta vinywaji kwa kreti, kama Flaschenpost, huchukua tupu mlangoni na kukurudishia. Muuzaji anayekutumia maji kwa posta ndani ya boksi hatarudi kuchukua, utabeba mwenyewe hadi kwenye mashine ya supamaketi. Chupa za kutumika mara moja zenye nembo ya amana mashine itazipokea zisipobonyezwa hadi msimbo usisomeke. Za kurudishwa kiwandani duka linaweza kuzikataa kama haliuzi aina hiyo.

Jambo la pili. Ulaya, tangu Mei 2022, duka likitangaza punguzo linatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa iliyotumika siku 30 zilizotangulia. Ukiona "-35%", soma mstari mdogo chini yake. Bei ya siku 30 ikiwa sawa na ya leo, hakuna punguzo. Na bei kwa lita wanalazimika kuiandika, hesabu ya mkuu Hesabu_Tu huku imeshafanywa na sheria.

Hesabu_Tu
Huku kwetu sheria ni kupiga picha ya skrini. Weka bidhaa kwenye kikapu leo, piga picha, rudi baada ya wiki mbili. Bei ya kukatwa mstari mara nyingi haijawahi kulipwa na mtu.

Kaka_Ruhr
Amazon nako, ule mpango wa kujiandikisha kuletewa kila mwezi kwa punguzo: asilimia ni ya kweli ila bei yenyewe haijafungwa. Mwezi ujao bei ya msingi ikipanda, punguzo linakatwa kwenye bei mpya. Wanatuma taarifa kabla ya kila mzigo, isome, ruka au futa. Na angalia aliyeandikwa kuwa muuzaji. Duka lenyewe likiishiwa, anatokea muuzaji wa tatu kwenye ukurasa uleule kwa bei mara mbili.

Kikapu_Tupu
Wakuu mko vizuri. Turudi Dar na Nairobi: kuna kurasa za Instagram na Facebook zinauza San Pellegrino nusu bei, "lipa kwanza tulete". Nizijuaje za kweli? Na maji feki yapo?

Wa_Eastlands
Usilipe kabla ya kuona, kwa ukurasa usioujua. Kama ni lazima, lipa kwa nambari ya biashara, si nambari ya simu ya mtu. Kabla hujathibitisha kwa M-Pesa jina hutokea. Jina la duka na jina linalotokea vikitofautiana, futa. Afadhali ulipe ukipokea, hata kama wanaongeza kidogo.

Kuhusu stempu: Kenya maji ya chupa yanatakiwa kuwa na stempu ya ushuru tangu Novemba 2019, na yaliyoingizwa kutoka nje pia. Unaikagua kwa programu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, iitwayo Soma Label. Kwa bidhaa za nje tafuta pia stika ya KEBS, shirika la viwango, ya bidhaa zilizoingizwa. Nusu bei bila stempu maana yake ni mzigo wa magendo, na mzigo wa magendo hakuna anayejua ulilala wapi.

Msasani_Stoo
Tanzania programu ni Hakiki Stempu ya TRA, mamlaka ya mapato. Elekeza kamera kwenye stempu, itakuambia ni bidhaa gani. Ikisema ni bia na wewe umeshika maji, rudisha.

Feki ya kujaza upya ipo zaidi kwenye chupa za kioo za kifuniko cha kuzungusha. Angalia ule ukanda wa chini ya kifuniko: lazima uwe mzima na ukatike kwa sauti ukifungua. Weka chupa zote sita mezani zilingane: kimo cha maji kipishane kidogo sana. Kikipishana kwa upana wa kidole, ama kuna uvujaji ama kuna mtu kajaza.

Lebo_Kwanza
Kabla ya feki kuna kitu halali kabisa kinachouzwa kama madini: maji ya kawaida yaliyochujwa yakatiwa gesi. Si mabaya, ila usiyalipie bei ya madini. Lebo ya maji ya madini ya kweli inataja chanzo kwa jina na ina jedwali la madini kwa miligramu kwa lita. Perrier chanzo chake Vergèze, kusini mwa Ufaransa. San Pellegrino ni San Pellegrino Terme, Bergamo, Italia. Gerolsteiner ni eneo la volkano za Eifel, Ujerumani. Hakuna chanzo, hakuna jedwali, basi ni maji ya gesi tu, na bei kwa lita ishuke ipasavyo.

Jedwali hilo lina kazi ya pili. Gerolsteiner ina kalisi kama mg 350 kwa lita na sodiamu kama 120. Perrier ina sodiamu kama 10 tu. Vichy Catalan ya Hispania inapanda hadi kama mg 1,100 za sodiamu kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 2 za sodiamu kwa siku, kwa hiyo lita moja ya hiyo imeshachukua zaidi ya nusu kabla hujagusa chakula. Mwenye presha asinunue katoni ya ofa bila kusoma mstari huo. Ladha yake nayo ni ya chumvi wazi, na ndiyo sababu wengine huishusha bei: aliyeagiza hakujua anachoagiza.

Kikapu_Tupu
Na ukaguzi mlangoni?

Msasani_Stoo
Dereva asiondoke kwanza. Inua katoni: chini kukiwa na unyevu kuna chupa imevunjika au inavuja. Itingishe taratibu, vigae vya kioo vinasikika. Fungua juu, soma tarehe ya chupa mbili za pembe tofauti, maana katoni za punguzo huchanganywa. Vizibo vya bati: kutu au alama nyeupe ya maji yaliyokauka pembeni ni uvujaji. Plastiki: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya chupa. Yenye gesi ni ngumu kama tairi la baiskeli lililojazwa, ikiingia ndani kwa urahisi gesi imeondoka. Piga picha kabla ya kusaini, chupa zilizovunjika ziandikwe kwenye risiti palepale. Ukimpigia muuzaji kesho yake atasema zimevunjikia kwako.

Lebo_Kwanza
Ukikuta unga mweupe chini ya chupa usiogope. Gesi ikipungua, kalisi iliyokuwa imeyeyuka inaganda kuwa chokaa. Haidhuru, lakini ni ushahidi kwamba gesi imetoka, kwa hiyo una haki ya kudai pesa yako.

Halafu usifungue chupa iliyotoka kwenye bajaji. Lita ya maji inaweza kushika kama gramu 3.3 za kaboni dioksaidi kwa nyuzi 0, gramu 1.7 kwa nyuzi 20, na gramu 1 hivi kwa nyuzi 40, hapo ni kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa. Ndani ya chupa ipo zaidi ya hiyo, imebanwa. Ukifungua ya moto, yote inataka kutoka kwa pamoja na utabaki na maji yasiyo na gesi. Ipumzishe kivulini, kisha jokofuni usiku mzima, nyuzi 4 hadi 6. Friza usiguse: maji yakiganda yanatanuka kama 9% na kioo kinapasuka.

Wa_Eastlands
Swali la pembeni: si bora kununua ile mashine ya kutia gesi mkamaliza?

Hesabu_Tu
Kama unataka gesi tu, ndiyo. Mtungi wa gramu 425 unatangazwa kwa lita 60, sawa na gramu 7 kwa lita, ila nyingi hupotea hewani kwa hiyo mtu anayependa makali hafiki huko. Kabla ya mashine uliza mtungi unajazwa wapi mjini kwako na kwa bei gani. Madini haikupi, na uzi huu ni wa madini.

Kikapu_Tupu
Nimeelewa. La mwisho: lita 1 nikiifungua na kuinywa nusu, iliyobaki inakaa siku ngapi? Nasikia chupa ya plastiki uiminye hewa itoke ndipo ufunge.

Lebo_Kwanza
Usiiminye. Ukiiminya unaipa gesi nafasi ya kutoka majini na kuivimbisha chupa tena. Funga kwa nguvu, irudishe jokofuni isimame wima, usiitingishe. Ikibaki zaidi ya nusu, kesho yake bado itakuwa na makali ya kutosha. Ikibaki robo, hata usiku huohuo itakuwa imelegea, kwa sababu nafasi tupu juu ni kubwa na lazima ijazwe na gesi itokayo majini. Kama mara kwa mara unabakiza robo, wewe ni mteja wa ml 500 au kopo, hata kama bei yake kwa lita iko juu kidogo.